SHEIKH ABDALLA SALEH FARSY: MWALIMU WA SKULI ALIYETUFIKIA MPAKA NDHIWA



Sifa zote njema ni zake Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, ukiingia katika misikiti yetu ya huku, Homa Bay, Kendu Bay, Rongo au Migori, angalia pale kwenye rafu ya misahafu. Mara nyingi utakuta kitabu kimoja kinene, Kiarabu kwa Kiswahili, kurasa zimelegea kwa kushikwashikwa. Mtu ambaye lugha ya nyumbani kwao ni Kijaluo, na Kiarabu chake kinaishia kwenye sala, akitaka kujua aya aliyoisikia kwenye tarawehe ina maana gani, hicho ndicho kitabu anachokifungua. Kinaitwa Qurani Takatifu, na jina la mfasiri ni Sheikh Abdalla Saleh Farsy.

Jina tunalijua wote. Lakini ukimuuliza kijana yeyote wa jumuiya yetu huyu alikuwa nani, atakwambia alikuwa shekhe mkubwa wa Unguja, basi, hadithi imekwisha. Wachache wataongeza kwamba alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Ramadhani hii nimeona tumtazame kwa upande usiozungumzwa sana. Kazi aliyoifanya kwa miaka mingi kuliko ukadhi ilikuwa ualimu wa skuli za serikali. Chaki, ubao, daftari la mahudhurio na watoto wa watu. Sisi tuliosoma sekondari za Ndhiwa, ambako Waislamu wa kidato cha nne kizima pengine hawajai dawati moja, habari ya mwalimu huyu inatugusa kuliko tunavyodhani.

SKULI AU CHUO?

Sheikh Abdalla alizaliwa Unguja mwaka 1912, katika ukoo wa Farsy wenye asili ya Oman. Zanzibar wakati huo ilikuwa chini ya himaya ya Mwingereza, na Sultani alikuwa Sayyid Khalifa bin Harub. Mji wa Unguja ulikuwa na vyuo vya Qur'ani karibu kila mtaa (chuo huko ndiyo madrasa kwetu sisi), na juu ya vyuo hivyo kulikuwa na darsa za wanavyuoni wakubwa misikitini na majumbani. Mtu alitoka Lamu, Ngazija, Barawa au Tanga akaja Unguja kusoma.

Serikali nayo ilikuwa imeanza kufungua skuli zake tangu mwanzo wa karne ile ya 20. Wazazi wengi hawakuzitaka, na sababu zao hazikuwa za ujinga kama tunavyoambiwa siku hizi. Skuli walizozizoea kuziona kwa Wazungu zilikuwa za misheni, na wamisheni wa Kiingereza walikuwapo Unguja tangu miaka ya 1860. Halafu hizi mpya zilisomesha Kiswahili kwa herufi za kizungu badala ya zile za Kiarabu ambazo watu waliandikia barua na mashairi yao. Mzazi akaona mtoto anakwenda asubuhi, anarudi mchana, na Qur'ani hajaishika. Akamtoa. Ilibidi serikali ikubali kuingiza Qur'ani, dini na Kiarabu katika masomo ndipo madarasa yakaanza kujaa.

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu wazee wetu wa Nyanza walipita njia hiyo hiyo na wao hawakupata bahati hiyo. Skuli za kwanza huku zilikuwa za misheni. Wasabato walifika Gendia, jirani na Kendu Bay, mwaka 1906, na Maseno ikaanza mwaka huo huo chini ya Waanglikana. Kusoma na kubatizwa vilikwenda pamoja, kiasi kwamba mtu akisema fulani ni msomaji alimaanisha fulani ni Mkristo. Muislamu wa Kendu Bay ambaye hakutaka mtoto wake abadilishwe jina alikuwa na mambo mawili tu: ampeleke na aombe dua, au amweke nyumbani. Huku hakukuwa na serikali iliyolazimika kuweka mwalimu wa Qur'ani darasani. Hesabu ya kuchelewa kwetu katika elimu inaanzia hapo, na si haki kuwalaumu wazee peke yao.

Basi Abdalla Saleh alikulia katikati ya mvutano huo, na akasoma pande zote mbili. Alisoma skuli ya msingi ya serikali katika miaka ya 1920, na alisoma chuoni. Miongoni mwa waliokuwa wakisomesha Kiarabu katika skuli za serikali zama hizo alikuwamo Sheikh Burhan Mkelle, mwanachuoni na mshairi mwenye asili ya Ngazija aliyefariki mwaka 1949. Yaani hata ndani ya skuli ya Mwingereza mtoto aliweza kukaa mbele ya mtu ambaye jioni watu wazima walimfuata msikitini.

WATOTO WA MASHEKHE WAWILI

Mwaka 1925 Unguja ilipata msiba mara mbili. Walifariki Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdalla Bakathir, marafiki na wanavyuoni wakubwa kuliko wote wa zama zao katika mwambao huu. Abdalla Saleh alikuwa na miaka kumi na mitatu. Hakuwahi kukaa chini yao kama mwanafunzi mkubwa. Alichofanya ni kuwafuata watoto wao. Alisoma kwa Sheikh Abubakar bin Abdalla Bakathir, aliyeendeleza madrasa ya baba yake pale Ukutani mpaka alipofariki mwaka 1943, na alisoma kwa Sayyid Omar bin Ahmad bin Sumeit, ambaye alikuja kuwa Kadhi Mkuu wa Zanzibar na akafariki Ngazija mwaka 1976.

Masomo yenyewe yalikuwa kama yanavyoendelea mpaka leo katika darsa za Kishafi. Mtoto anaanza Safina, anapanda vitabu vya fiqhi kimoja kimoja mpaka Minhaj, huku anasoma nahau na sarufi, na tafsiri ya Jalalayn. Mwanafunzi anasoma mstari, shekhe anaufungua, anauliza, anarudishwa nyuma. Hakuna cheti mwisho wa mwaka wala sherehe ya kumaliza. Unamaliza kitabu, shekhe akiridhika anakupa kingine.

Upande wa skuli mambo yalikuwa na mwisho wake. Kijana akimaliza darasa la juu alikuwa na milango michache mno, kwa sababu sekondari ya serikali kwa wavulana ilikuja baadaye, katikati ya miaka ya 1930. Mlango mmoja ulikuwa ukarani ofisini na bandarini. Wa pili ulikuwa chuo cha ualimu. Abdalla Saleh akaingia ualimu, na alipofuzu mwanzoni mwa miaka ya 1930 akapelekwa kusomesha skuli za msingi. Ukitaka kujua watu wa darasa lile la zamani walifanya nini, jibu ni hilo. Wengi walikwenda kuwa makarani na walimu, na bila wao skuli za mashamba za Unguja na Pemba zisingefunguliwa.

Alisomesha skuli za msingi kwa karibu miaka kumi na tano. Kumi na tano si mchezo. Asubuhi yuko darasani na watoto, jioni yeye mwenyewe ni mwanafunzi kwa mashekhe wake, usiku anaandika. Mwaka 1942 alitoa kitabu cha maisha ya Sayyid Said bin Sultan, na mwaka 1944 akatoa tarehe ya Imam Shafi na wanavyuoni wakubwa wa Afrika ya Mashariki. Vyote hivyo aliviandika akiwa mwalimu wa skuli ya msingi. (Na sisi wa chuo kikuu insha ya kurasa kumi tunaiombea wiki mbili za nyongeza!)

Mwishoni mwa miaka ya 1940 alipandishwa akawa mkaguzi wa masomo ya dini katika skuli za Unguja na Pemba. Katika miaka ya 1950 alisomesha Muslim Academy, chuo kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka hiyo ili kutoa makadhi na walimu wa dini na Kiarabu, na baadaye akawa mwalimu mkuu wa skuli iliyokuwa ikisomesha kwa Kiarabu. Wanafunzi waliotoka mikononi mwa walimu wa Muslim Academy ndio waliokwenda kusimama mbele ya madarasa mengine. Chuo hicho kilifungwa baada ya Mapinduzi.

TAFSIRI

Sasa tufike kwenye kitabu chenyewe. Tafsiri ya kwanza kamili ya Qur'ani kwa Kiswahili haikuandikwa na Muislamu. Iliandikwa na padri, Godfrey Dale wa misheni ya Unguja, na ikachapwa London mwaka 1923 pamoja na maelezo ya kuwasaidia Wakristo kujadiliana na Waislamu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, yule aliyeanzisha magazeti ya Sahifa na Al-Islah katika miaka ya 1930 na akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza kuandika tafsiri yake, lakini mauti yakamkuta mwaka 1947 hajaimaliza. Mwaka 1953 Maahmadiya wakatoa ya kwao Nairobi. Kwa hiyo katikati ya miaka ya 1950 Muislamu wa Suni anayejua Kiswahili tu alikuwa na tafsiri mbili kamili mbele yake, moja ya padri na moja ya watu ambao mashekhe wake hawakuwakubali.

Kulikuwa pia na kikwazo cha ndani. Wako wanavyuoni waliohofia kuitia Qur'ani katika lugha nyingine. Waliona mtu wa kawaida ataacha kwenda kwa shekhe, atasoma mwenyewe na atapotea. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Lakini swali lilikuwa: mtu aliye mbali na shekhe yeyote afanye nini? Mtu wa Unguja alitoka nyumbani akatembea dakika tano akafika kwenye darsa. Mtu wa Ndhiwa atembee mpaka wapi?

Sheikh Abdalla alijibu kwa kalamu. Katika miaka ya 1950 tafsiri yake ilianza kutoka sehemu sehemu, na mwaka 1969 ikachapwa nzima Nairobi na Islamic Foundation. Ukiisoma kwa makini utaona mkono wa mwalimu wa skuli. Hakutosheka kugeuza maneno. Anatia maneno ya ziada kwenye mabano ili sentensi isimkwame msomaji, kisha chini anaandika maelezo: aya hii ilishuka kwa sababu gani, watu hawa walikuwa nani, hukumu hii inatumikaje, na Makadiani wamekosea wapi. Kiswahili chake ni cha Unguja, cha mtu anayezungumza na darasa. Kuna mahali anaeleza jambo ambalo mwanachuoni hahitaji kuelezwa kabisa, na mimi naamini alifanya hivyo kwa sababu alikuwa amesomesha watoto wadogo miaka mingi, akajua vizuri wapi mwanafunzi hukwama na akaona haya kuuliza.

Wapo wanaosema maelezo yale ni mengi, na kwamba Kiswahili chake ni kigumu kwa watu wa bara. La pili lina ukweli. Huku kwetu mtu huhitaji mara nyingine kuuliza maana ya neno la Kiunguja kabla hajapata maana ya aya. Hata hivyo mimi nachagua mwalimu anayeeleza sana kuliko anayepita haraka.

Pamoja na tafsiri aliandika vitabu vidogo vidogo vya maisha ya Mtume (S.A.W.), ya wakeze na wanawe, na vya hukumu za sala na ndoa na talaka. Alisikika redioni pia, Zanzibar na baadaye Kenya. Mtu hakuhitaji kuwa na pesa nyingi kumpata Sheikh Abdalla. Alihitaji senti za kijitabu, au jirani mwenye redio.

KUTOKA UNGUJA KWENDA MOMBASA

Mwaka 1960 alitolewa kwenye ualimu akafanywa Kadhi wa Zanzibar. Miaka minne baadaye, Januari 1964, yakatokea Mapinduzi. Damu ilimwagika, watu wakakimbia, na wanavyuoni wengi wakatawanyika: Ngazija, Kenya, Oman, Yemen. Mwalimu wake Sayyid Omar naye alikwenda Ngazija. Darsa ambazo zilikuwa zimeendelea kwa vizazi zikafungwa au zikabaki na watu wachache. Sheikh Abdalla alibaki mpaka mwaka 1967, kisha akaondoka. Hebu fikiria mtu wa miaka hamsini na tano anauacha mji aliozaliwa, aliosoma, aliosomesha, na wanafunzi wake wamo humo.

Kenya ilimpokea, na mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu, akishika nafasi ya Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wa Sheikh Al-Amin. Makao yake yakawa Mombasa.

Miaka ya Mombasa haikuwa ya raha tupu. Sheikh Abdalla alisimama kupinga mambo aliyoyaona ni bid'a, na katika miaka ya 1970 aliandika vitabu juu ya suala hilo kwa jina hilo hilo. Alizungumzia desturi za maziko, za maulidi na mengineyo ambayo watu walikuwa wameyazoea tangu babu zao. Wengi walimuunga mkono. Wengine walikasirika sana, hasa kwa kuwa aliyesema ni mtu aliyelelewa na masharifu na mashekhe wale wale waliozienzi desturi hizo. Waliona amekuwa mkali kuliko alivyokuwa Unguja. Gazeti letu hili linasomwa na watu wa pande zote mbili, na sitaingia kuhukumu. Ila lipo jambo ambalo hata waliompinga hawakuweza kulikana. Pamoja na kutofautiana na baadhi ya mwenendo wa walimu wake, hakuacha kuwataja kwa heshima, na hakuacha kuwaandika.

DAFTARI LA WALIMU

Katika vitabu vyake vyote, mimi nakipenda zaidi kimoja ambacho vijana wengi hawajakiona. Kinaitwa Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, na alikitoa Mombasa mwaka 1972. Ndani yake wamo Sheikh Muhyiddin Al-Qahtani, Sheikh Abdulaziz Al-Amawi, Sayyid Ahmad bin Sumeit, Sheikh Abdalla Bakathir, Habib Saleh wa Lamu, Sheikh Al-Amin na wengineo. Kwa kila mmoja anajitahidi kusema alizaliwa wapi, alisoma kwa nani, alisoma vitabu gani, alisomesha akina nani, alifariki lini. Ukurasa baada ya ukurasa ni majina ya walimu na wanafunzi wao, na wanafunzi wa wanafunzi wao.

Ukikisoma haraka utachoka. Majina ni mengi, Muhammad bin Ahmad huyu na Ahmad bin Muhammad yule. Lakini kumbuka mwaka kilipotoka, 1972. Miaka minane ilikuwa imepita tangu Mapinduzi. Darsa za Unguja zimetawanyika, Muslim Academy imefungwa, Sayyid Omar ni mzee yuko Ngazija. Watu waliokuwa wakikumbuka nani alisoma kwa nani walikuwa wanapungua kila mwaka. Mwalimu wa skuli alifanya ambalo kila mwalimu wa skuli hulifanya asubuhi. Alifungua daftari akaita majina.

Leo mtu akiandika historia ya Uislamu wa Afrika ya Mashariki, awe Dar es Salaam, Nairobi au Ulaya, hawezi kukipita kitabu kile. Mwaka 1989 kilichapwa kwa Kiingereza, kimefasiriwa na mwanahistoria wa Marekani, Randall Pouwels. Katika chuo kikuu nilikikuta maktaba katika orodha ya somo la historia, na wanafunzi wasio Waislamu walikuwa wakigombania nakala moja iliyopo.

MWISHO WA SAFARI

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Sheikh Abdalla aliuacha ukadhi wa Kenya akaenda Oman, nchi ya asili ya ukoo wake, ambako Wazanzibari wengi walikuwa wamekwisha hamia. Hakukaa sana. Alifariki Muscat mwezi wa Novemba 1982, akiwa na umri wa miaka sabini. Unguja, ambako alisomesha karibu miaka thelathini, hakuzikwa.

Mwaka 1986 mwanafunzi wake, Sheikh Saidi Musa wa Dar es Salaam, ambaye naye ameandika vitabu vingi vya dini kwa Kiswahili, alitoa kitabu cha maisha ya shekhe wake. Ndani ya daftari lile la walimu na wanafunzi, jina la Abdalla Saleh Farsy nalo likaandikwa, na mwanafunzi.

Qurani Takatifu imeendelea kuchapwa mara nyingi. Tafsiri nyingine za Kiswahili zimekuja baada yake, ikiwamo ya Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani, na nyingine zimo kwenye simu zetu. Kile kitabu kinene bado kiko kwenye rafu, na katika mwezi huu mtukufu watu wanakipokezana baina ya Alasiri na Magharibi wakingojea adhana.

Allah amrehemu Sheikh Abdalla Saleh Farsy, awarehemu walimu wake na walimu wa walimu wake, awarehemu walimu wetu wa madrasa na wa skuli waliokwisha tangulia, awape afya walio hai, na atutakabalie funga zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.